Lenzi tatu, laki tano na kanga ya ukutani

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Rungwe. Picha napiga kwa kupenda tu, sina studio. Nina Canon 1300D na lenzi iliyokuja nayo, 18-55. Nimejibana nikapata laki tano, nataka kuongeza lenzi moja. Mbeya mjini nimeonyeshwa tatu: 50 mm f/1.8 mpya kwa laki tatu na nusu, 55-250 iliyotumika kwa laki nne, na 75-300 iliyotumika kwa laki mbili. Napiga wanafunzi, kwaya na ibada ya Jumapili, milima yetu, na kila mwaka tunapeleka wanafunzi Kitulo kuona maua. Nimetazama video mpaka kichwa kinauma, kila mmoja anasifia yake. Nazilinganishaje kabla sijatoa hela?

JIBU: Marahaba, mwalimu, na ndaga fijo kwa kuniamini. Ungeuliza tu ununue ipi, ningekujibu kwa mstari mmoja na huenda ningekuponza. Kuuliza unazilinganishaje ni jambo jingine. Hapa Mwanjelwa nimeshaona watu wakipima lenzi kwa uzito wake mkononi, wengine kwa urefu, kana kwamba wananunua muhogo.

Anza nyumbani, kabla hujagusa lenzi ya mtu. Kila picha uliyopiga imebeba taarifa zake: urefu wa fokasi (zile milimita, kama 18 au 55), tundu la lenzi, spidi ya shata, na ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga. Zihamishie kwenye kompyuta, fungua taarifa za picha moja moja, utazikuta zote. Chukua picha mia mbili za mwaka huu, zikiwemo zilizokuudhi, tena hizo ndizo hasa. Kisha chukua daftari upige vijiti kama unavyohesabu kura za kiranja: ngapi ulizipiga kwenye 18, ngapi kwenye 55, ngapi katikati. Pembeni ya kila iliyoharibika, andika spidi ya shata na ISO.

Vijiti vikirundikana kwenye 55, maana yake ulitaka kusogea zaidi na lenzi ikagoma. Vikirundikana kwenye 18, ulitaka upana, na hapo sikufichi: kati ya hizo tatu hakuna hata moja inayokupa upana. Sasa zitazame zile za kanisani. Kama nyingi zinasoma 1/15 au 1/20 huku ISO imeshafika 3200, picha ina chenga (punjepunje) na wanakwaya wana mikono minne minne, basi umepungukiwa mwanga. Nadhani hapo ndipo utakapojikuta. Nimepiga harusi nyingi huko kwenu, na saa nne asubuhi ya mwezi wa nne Tukuyu, mvua ikinyesha, ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, ni giza kama saa kumi na mbili jioni.

Twende kwenye namba zilizoandikwa kwenye lenzi, maana muuzaji atazisoma kama namba ya gari tu. Ile f ni urefu wa fokasi ukiugawanya kwa kipenyo cha tundu. Kwa hiyo 50 mm kwenye f/1.8 ina tundu la karibu milimita 28. Lenzi yako ukiivuta mpaka 55 haifunguki zaidi ya f/5.6, yaani tundu la milimita 10 hivi. Piga hesabu ya eneo kwa urefu uleule wa fokasi, wewe ni mwalimu: f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Kwaya iliyokulazimisha kupiga kwa 1/15, kwa ISO ileile utaipiga kwa 1/125 na chenji inabaki. Mikono inarudi kuwa miwili.

Mwanga huo una bei yake. Ukiwa mita mbili kutoka kwa mtu na umefungua f/1.8 kwenye kamera yako, sehemu iliyo kwenye fokasi ina kina cha sentimita 11 hivi. Jicho likiwa kali, sikio limeshalainika. Kwa picha ya mtu mmoja inapendeza sana, kwa kwaya ya mistari mitatu ni balaa, kwa sababu mstari mmoja utatoka na miwili itanung'unika. Kuna jambo jingine ambalo video hazikwambii kwa sababu wanaozirekodi wana viwanja vikubwa. Sensa ya 1300D, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ni ndogo, upana wake milimita 22.3, hivyo 50 mm kwako inaona kama 80 kwenye kamera ya sensa kubwa. Ukitaka kuingiza mstari wa wanafunzi wenye upana wa mita 8, itabidi urudi nyuma mita 18. Kwa 18 mm ya lenzi yako ya sasa ni mita 6 na nusu tu. Kwenye shule nyingi za huko, ukirudi mita 18 umeshaingia kwenye migomba ya jirani.

Hizi ndefu mbili sasa. Watu huona 300 ni kubwa kuliko 250, na bei ni nusu, wanamaliza biashara hapo. Tuchukue tandawala, yule ndege mkubwa wa Kitulo, amesimama mita 60 kutoka kwako. Kwa 250 mm picha yako itachukua upana wa mita 5.4 pale alipo, na kwa 300 mm mita 4.5. Tofauti hiyo unaipata kwa kunyata mita 10 tu. Penye tofauti ya kweli ni kwenye mtikisiko. Kanuni ya zamani inasema spidi ya shata isipungue moja juu ya urefu wa fokasi, na kwa sensa yako zidisha kwanza kwa 1.6. Yaani 1/400 kwa 250, na 1/500 kwa 300. Kitulo kuna mawingu na upepo wa kukata masikio. Mwanga wa 1/500 kwenye f/5.6 utaupata kwa kupandisha ISO, na chenga zinarudi. Lenzi ya 55-250 ina kituliza mtikisiko, herufi IS ubavuni, kinachokusaidia ngazi tatu hivi (kila ngazi inakuruhusu kushusha spidi kwa nusu), kwa hiyo mlima au ndege aliyetulia unaweza kumpiga hata kwa 1/50 mikono ikiwa imetulia. Ila kinatuliza mikono yako, hakimtulizi mwanafunzi anayekimbia mita 100. Kwa huyo unahitaji spidi, kituliza kiwepo kisiwepo.

Ile 75-300 ya laki mbili karibu nina hakika haina IS. (Ajabu ni kwamba lenzi ya kwanza ya Canon kuwa na kituliza, mwaka 1995, ilikuwa 75-300. Ila hiyo ni ndugu yake mwingine. Iliyozagaa mitaani ni ya bei ndogo.) Na ukishapita 200 mm picha yake inalainika, majani ya mti yanakuwa kama uji.

Kuhusu maua, nitakushangaza. Kila lenzi ina umbali wa karibu kabisa inaoweza kufokasi. Ile 75-300 ni mita 1.5. 55-250 ya STM (herufi za aina ya mota ya kufokasi ya Canon) ni sentimita 85. 50 mm ya STM ni sentimita 35. Hiyo uliyonayo, 18-55, inakaribia mpaka sentimita 25, ukiwa umeivuta kwenye 55, na okidi inatoka kubwa kuliko kwa lenzi yoyote kati ya tatu unazotaka kununua. Hifadhi ile watu huiita Bustani ya Mungu, maua yanapamba moto kati ya Desemba na Aprili, na lenzi yake unayo tayari kwenye begi. Piga magoti tu, uje na suruali ya kubadilisha.

Michoro ya ukali inayotolewa na viwanda usijisumbue nayo. Wengine huikokotoa kwa kompyuta, wengine hupima lenzi halisi, kwa hiyo ya kampuni moja huilinganishi na ya nyingine. Na yule wa kwenye video kapima lenzi moja, yake. Roger Cicala, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya kukodisha lenzi ya LensRentals, alipima nakala nyingi za lenzi ya aina moja na kuonyesha kuwa hazifanani: zilizotoka kiwanda kimoja zinapishana, sembuse iliyokwishaanguka mara mbili kwenye bodaboda. Kwa hiyo usilinganishe majina ya lenzi. Linganisha ile iliyo mezani mbele yako, kwenye bodi yako, yaani kamera yenyewe.

Mimi natumia kanga. Wazungu hupiga ukuta wa matofali au gazeti, lakini kanga ina faida ambayo gazeti halina: pindo linazunguka pande zote nne kwa mchoro uleule. Kona nne za picha zinapata kitu kimoja cha kulinganisha. Na umbo lake halipishani sana na umbo la picha. Itandaze ukutani kwenye kivuli chenye mwanga sawa, ivute isiwe na mikunjo. Kamera iwe kwenye stendi, au juu ya meza imeegemezwa kwenye mfuko wa mchele. Kwa 50 mm utasimama mita tatu na nusu hivi, kwa 250 utatoka mpaka uani, kama mita 17.

Lazima kamera itazame ukuta mraba kabisa, la sivyo utaisingizia lenzi kosa lako. Chukua kioo kidogo cha kujitazamia, kishikilie bapa juu ya kanga katikati. Chungulia. Lenzi ikijiona yenyewe katikati ya kioo, umenyooka. Ondoa kioo. Zima IS kama kamera iko kwenye stendi, weka kujipiga kwa sekunde mbili ili kidole kisitikise, washa picha kwenye skrini ya nyuma, kuza mara 10, fokasi kwenye herufi za katikati. Kanga yangu imeandikwa HASIRA HASARA, nafokasi kwenye mkia wa R ya kwanza. Piga tatu kwa tundu lililo wazi kabisa, ukifokasi upya kila mara, tatu kwa f/5.6, tatu kwa f/8. Kwa lenzi ya zumu rudia kwenye mwanzo, katikati na mwisho.

Picha hizi zitazame kwenye kompyuta kwa asilimia mia. Skrini ya simu inasamehe mno. Katikati patakuwa pakali kuliko kona, hilo ni la kawaida, usimlaumu mtu. Unachotafuta ni kona kutofautiana zenyewe kwa zenyewe. Pindo la kushoto juu likionyesha nyuzi na la kulia juu limekuwa wingu, kuna kioo kilichohama ndani. Hiyo rudisha kwa mwenyewe, hata akikupunguzia elfu hamsini. Utaona pia kwamba kwenye f/8 ile 50 mm na 18-55 yako zimekaribiana sana. Huo ni ujumbe kuhusu Mlima Rungwe: kwa mandhari ya mchana lenzi mpya haikuongezei mengi, stendi nzuri itakuongezea. Ukipita f/11, lenzi zote zinaanza kupoteza ukali, usifunge tundu kwa ushabiki.

Jaribio la pili lipige kwa kuchungulia kwenye tundu la jicho, siyo skrini, kwa sababu kamera yako inafokasi kwa njia mbili tofauti. Laza rula mezani, sifuri upande wako, kaa nayo kwa mshazari, fokasi kwenye sentimita 15 ukitumia nukta ya katikati, f/1.8. Ikitoka 13 ndiyo kali, lenzi inafokasi mbele. Bodi kubwa za Canon zina sehemu ya kurekebisha hilo. Ya kwako haina. Ndiyo maana nasema uje na bodi yako, usikubali majaribio kwenye kamera ya muuzaji.

Sasa ukungu. Kiswahili kimetupa neno moja kwa ule unaoshuka Uyole asubuhi na kwa ule unaoota kwenye mkate, na kwenye lenzi wa kwanza humzaa wa pili. Huku kwetu unyevu hautuachi. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii nilinunua lenzi kwa mtu, ikiwa safi mbele na nyuma, inang'aa kama imetoka boksi. Wiki mbili baadaye nikapiga harusi, bibi harusi amesimama mlangoni, jua la saa tisa nyuma yake. Kila picha ya pale mlangoni ilitoka kama imemwagiwa maziwa. Rangi nyeusi hakuna, shela limeyeyuka hewani. Nilirudisha nusu ya malipo, na mama wa bibi harusi hajanisalimia mpaka leo.

Kumbe ilikuwa ndani. Usitazame lenzi kwa mbele kama unajitazama. Fungua tundu lote, washa tochi ya simu, imulike kwa nyuma kwa mshazari, wewe chungulia kwa mbele ukiigeuza polepole. Vumbi punje chache lisikutishe, halionekani kwenye picha. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zinazoanzia pembeni kwenda katikati, huo ndio ukungu. Utando mweupe kama pumzi kwenye kioo ni mafuta yaliyovukiza. Akikwambia ilishasafishwa, muulize na nani. Asidi ya ukungu inakula kipako cha kioo, ukiufuta alama inabaki. Kisha simama ndani, piga mlango ulio wazi kwa kila lenzi, ulinganishe weusi ulivyo mweusi. Hilo jaribio la mlango lingeniokoa.

Kwa zilizotumika, piga pia kwa f/11 kwenye kila hatua ya zumu, siyo tundu wazi tu. Ndani kuna utepe wa umeme unaojikunja kila ukivuta, ukikatika lenzi inaweza kupiga vizuri ikiwa wazi na kugoma tundu likijifunga. Kamera ikiandika Err 01, lenzi na bodi hazisikilizani. Futa vile vidoti vya dhahabu kwa kitambaa kikavu ujaribu tena. Ikirudia, mwachie.

Na soma herufi. Hiyo 50 mm f/1.8 ina toleo la 1990 na la 2015, na muuzaji atakwambia ni ileile. Geuza nyuma: la zamani lina kitako cha plastiki, jipya, lenye STM, lina kitako cha chuma, linakaribia sentimita 10 zaidi na halipigi kelele za mashine ya kusaga. 55-250 nazo ni matoleo matatu, tafuta lenye STM. (Wenye Nikon mnaosoma hapa: 50 mm f/1.8D ikiwekwa kwenye bodi za D3000 na D5000 na ndugu zao haifokasi yenyewe, kwa sababu mota inatakiwa iwe kwenye bodi na haimo. Nimeshawaona watatu walioingia hapo.)

Mwalimu, ukinilazimisha nichague kabla ya vijiti vyako: 50 mm ya STM, kwa ajili ya kwaya na nyuso za wanafunzi, na laki na nusu inayobaki weka kwenye stendi. 75-300 hata ukipewa bure itakukatisha tamaa. Lakini vijiti vikisema 55, 55, 55, na picha zako za kanisani ni tano tu, usinisikilize. Chukua 55-250.

Yoyote utakayochukua, isilale kwenye begi la ngozi kabatini. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, na vifuko vya silika jeli vinavyokaushwa mara kwa mara, inatosha. Na mkitoka baridi ya Kitulo kuteremka Matema ziwani, ifunge kamera kwenye mfuko wa nailoni ukiwa bado juu, usiufungue mpaka ipate joto la huko. La sivyo maji yatajitengeneza kwenye kioo mbele ya macho yako.

Jumamosi nipo kuanzia saa nne. Mwombe muuzaji aje nazo zote hapa, waaminifu huwa hawakatai, wewe njoo na bodi yako, betri imejaa na memori kadi tupu. Kanga ipo, ni ya mke wangu, na ameshanionya nisiipige misumari.